Baraza Si la Wazee Pekee, Mimi Nilijua Nikiwa Nimechelewa

Niwape stori fupi kwanza, alafu tuingie kwenye historia.

Mwaka nilioacha chuo watu waliniuliza sana, "Kaka vipi, mbona?" Nikawa nawajibu ni karo. Ni kweli ilikuwa karo. Lakini kuna nusu ya pili ya hiyo stori sikuwa nawaambia. Fomu za basari ya wadi zilitangazwa barazani, hapa hapa Shanzu, asubuhi ya siku ya kazi. Mamangu alikuwa zamu hotelini. Kesho yake mzee wa mtaa akapita nyumbani mwenyewe kunijuza. Nilikuwa nimelala. Nikamjibu kutoka kitandani, "Sawa mzee, nitakuja," nikajigeuza upande wa pili. Siku nilipozifuata zile fomu, tarehe ilikuwa imepita siku nne.

Sisemi ningepata. Waombaji ni wengi na pesa ni kidogo. Nasema sikuwa hata kwenye foleni, manake kichwani mwangu baraza ni mahali wazee huenda kusinzia na kunywa soda.

Basi tangu siku hiyo swali limenikaa: nani alitufundisha kwamba baraza si letu? Nimesoma, nimeuliza wazee, na hii ndo picha niliyoipata.

Baraza lilikuwa kiti

Ukienda Mji wa Kale utaliona. Nje ya nyumba, pembeni mwa mlango, kuna benchi la mawe limejengwa pamoja na ukuta. Hilo ndo baraza lenyewe. Si ndani, si barabarani. Mgeni anaketi pale bila kuingia kwa watu, jirani anapita anasalimia, kesi inaamuliwa, ndoa inapangwa. Neno tunalotumia saa hii kwa kikao cha chifu na hata kwa Baraza la Mawaziri lilianzia kwenye kiti cha kukaa na jirani.

Na mji ulikuwa na mpangilio wake. Kabla ya gavana na kabla ya meya, Mombasa ilikuwa ya Thenashara Taifa, yani mataifa kumi na mawili ya Waswahili. Matatu yalikuwa Thelatha Taifa: Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Tisa yaliyobaki yalikuwa Tisa Taifa: Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa na wenzao. Hapo kwa Wamtwapa tusimame kidogo, manake ni majirani zetu. Magofu yako hapo ng'ambo, ukivuka tu daraja la Mtwapa. Watu wa mji ule walipohamia Mombasa hawakumezwa. Waliingia kama taifa, na jina lao, na wazee wao.

Viongozi wa hao mataifa waliitwa watamimu. Aliyekaa Fort Jesus kama liwali, awe Mazrui au mtu wa sultani wa Zanzibar, hangeweza kuutawala mji bila kuongea nao. Mazrui walipokosana na sehemu ya wenyeji, mlango ulifunguka kwa Seyyid Said, na mwaka 1837 mji ukawa wake. Ngome ina mizinga, sawa, lakini mitaa ikikunyima mkono huna mji.

Huku bara kidogo, ndugu zetu Wamijikenda walikuwa na kaya zao na baraza la wazee linaloitwa ngambi. Hizi si hadithi za bibi tu. Misitu ya kaya iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Na mji na kaya walikuwa na mapatano: Thelatha Taifa walishikana na Wadigo na Waduruma, Tisa Taifa wakashikana na Wamijikenda wa upande wa kaskazini.

Sasa msinielewe vibaya, sipambi zamani. Kwenye benchi lile la mawe mwanamke hakuwa na nafasi, mtumwa hakuwa na nafasi, na kijana alikuwa wa kutumwa kahawa. Lakini kitu kimoja kilikuwepo: mkubwa alihitaji kuuliza kabla ya kuamua.

Jinsi baraza lilivyogeuzwa kuwa tangazo

Mwaka 1895 Waingereza walitangaza himaya yao. Pwani, ule ukanda wa maili kumi, ilibaki ya sultani kwa jina tu. Mwaka 1902 ikaja sheria ya kuteua wakuu wa vijiji. Mwaka 1937 ikaja ile ya mamlaka ya machifu, iliyompa chifu nguvu ya kuamrisha watu, mpaka kuwaita kwenye kazi. Chifu hakuchaguliwa na jirani zake, aliteuliwa na serikali. Baraza likabaki na jina lile lile ila mwendo ukageuka. Kwanza ulikuwa unaketi mkaulizana. Sasa unaketi ukaambiwa.

Mfano mmoja unaniuma mpaka leo, manake unafanana na fomu yangu. Mwaka 1908 ilitungwa sheria ya hati za ardhi za Pwani. Kwa ufupi: mwenye kudai shamba alete madai yake yaandikwe, na lisilodaiwa litahesabika ni la Serikali ya Kifalme. Waliojua karatasi na waliokuwa karibu na ofisi wakaandikisha. Wengi ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo, haina karatasi wala jina la mtu mmoja, hawakuandikisha. Tarehe ikapita. Leo ukisikia Kisauni kuna maskwota kwenye ardhi waliyozaliwa babu zao, mzizi mmoja wa shida hiyo uko pale. Mimi tangazo lilinipita nikapoteza mwaka wa chuo. Wao liliwapita wakapoteza ardhi.

Upande wa mji, Mombasa ikapata bodi ya manispaa mwaka 1928. Waliotawala viti vyake ni Wazungu, na baada yao Wahindi. Mwafrika aliyejenga bandari na kubeba mizigo hakuwa na sauti pale.

Basi wakajitengenezea baraza lao. Januari 1947 wafanyakazi kama elfu 15, wa bandari, reli, hoteli na hata majumbani, waligoma kwa siku kumi na mbili hivi. Kila siku walikutana uwanjani, wakajadili, wakaamua kesho itakuwaje. Hapo ndo kikazaliwa chama cha African Workers Federation, na Chege Kibachia akawa kiongozi wake. Serikali ililazimika kuunda jopo na mishahara ikaongezwa. Alafu Agosti mwaka huo huo Kibachia akakamatwa, akapelekwa kuzuiliwa mbali kule Baringo. Yani serikali ilikisikia kile kikao, ikakijibu, ikamwondoa aliyekiongoza. Kikao cha watu kilikuwa na nguvu, la sivyo wasingehangaika naye.

Uhuru ulikuja, kibali kikabaki

Mwaka 1963 tulipata bendera. Tukapata madiwani tunaowapigia kura. Lakini chifu alibaki chini ya serikali kuu, na diwani alikuwa kwenye halmashauri inayoangaliwa na waziri Nairobi. Mtaa mmoja, wakubwa wawili, na hakuna aliyelazimika kumuuliza mwananchi.

Na kukutana kwenyewe kulikuwa noma. Mpaka mwaka 1997 mkutano wa hadhara ulihitaji kibali cha serikali. Mabadiliko ya mwaka huo, kabla ya uchaguzi, ndo yaliyoondoa kibali ikabaki kutoa taarifa kwa polisi. Hebu fikiria mamako akiwa na umri wako. Watu wa mtaa wakitaka kukutana uwanjani kuhusu maji, kwanza waombe ruhusa kwa yule yule wanayemlalamikia. Ndo maana wazazi wetu wengi wakisikia "mkutano" wanakwambia, "Mwanangu, kaa mbali." Si uoga wa bure, waliufundishwa.

Mwaka 2001 kukaja mpango ulioitwa LASDAP. Halmashauri zikatakiwa ziite wakaazi kwenye wadi wachague miradi ya pesa zitokazo serikali kuu. Kwingine ilifanya kazi, kwingine orodha ilifika ukumbini imeshaandikwa. Lakini mlango ulikuwa umeanza kufunguka.

Katiba ilirudisha kiti

Katiba ya 2010 ndo iliyogeuza mambo. Kifungu cha 10 kinaweka ushirikishwaji wa wananchi kuwa nguzo ya utawala. Cha 184 kinasema lazima sheria ieleze jinsi wakaazi watakavyoshiriki kwenye utawala wa miji. Cha 196 kinalilazimisha bunge la kaunti kufanya kazi zake wazi na kuwashirikisha watu. Sheria ya Maeneo ya Miji ya 2011 ikaongeza vikao vya wakaazi: una haki ya kujadili huduma, bajeti na sera, na kupeleka mapendekezo. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 ikashuka mpaka kwenye mabaraza ya vijiji.

Sasa hapa ndo wengi tunachanganya, kwa hivyo shika hili. Mtaani mwako kuna mito miwili. Wa kwanza ni serikali ya taifa: chifu, naibu wa chifu, mzee wa mtaa, na Nyumba Kumi iliyoanza kusukumwa kwa nguvu mwaka 2013 kwa ajili ya usalama. Wa pili ni kaunti: mwakilishi wadi, yani MCA, na msimamizi wa wadi. Kitambulisho na mambo ya usalama, fuata mto wa kwanza. Taka, mitaro, zahanati, chekechea, taa za mtaa, ni mto wa pili. Ukimfokea chifu kuhusu taka unampigia ng'ombe wa jirani.

Nyumba Kumi tuliikopa Tanzania, ambako TANU ilianzisha mabalozi wa nyumba kumi miaka ya 1960. Lakini kuna kitu hatukukikopa. Kule mwenyekiti wa mtaa hupigiwa kura na wakaazi, mara ya mwisho ilikuwa Novemba 2024, na mkutano mkuu wa mtaa ni wa kila mkaazi aliyefika miaka 18. Hapa mzee wa mtaa hana hata kura yako. Uchaguzi wao una shida zake, lakini wazo lenyewe ni la kuiga. Na Porto Alegre, kule Brazili, tangu 1989 wakaazi walikuwa wanakutana mitaani kupanga sehemu ya bajeti ya jiji. Ni mitaa ya kawaida tu, kama Majaoni na Utange.

Nilienda kujionea

Mwaka jana nilihudhuria kikao kimoja cha bajeti, mara yangu ya kwanza. Viti vya plastiki, kitabu kizito cha Kiingereza, saa mbili za hotuba. Vijana tulikuwa watano, wawili wakatoka soda zilipogawiwa. Nilikuwa karibu kuwafuata.

Alafu mama mmoja anayeuza viazi karai akasimama. Hakupiga kelele. Akauliza, "Mwanangu, mtaro wetu uko ukurasa wa ngapi?"

Kimya. Yule afisa akafungua, akafungua, akasema ataliangalia. Mama akamwambia, "Basi liandike, nikuone ukiandika." Akaandika.

Mwajua, sijui kama ule mtaro utajengwa. Lakini lile swali lilikuwa zito kuliko posti zangu zote za "kaunti haifanyi kitu". Kwa nini? Manake likishaandikwa, ni kumbukumbu. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ilisema wazi kwamba ushirikishwaji lazima uwe wa kweli, si pambo. Lakini mahakama haiwezi kukutetea kwa kikao ambacho wewe hukuenda na swali ambalo hukuuliza.

Najua mtaniambia, "Kaka, wao wameshaamua." Mara nyingine ni kweli. Ukumbi mdogo, tangazo la siku chache, saa za kazi, vyote hivyo nimeviona. Lakini Juni 2024 kizazi chetu kilichukua mswada wa fedha wenye kurasa nyingi, kikautafsiri kwa lugha za mtaani, kikauweka kwenye vidio za dakika moja, na nchi nzima ikauelewa. Na ule mswada rais hakuutia saini. Tulilifanya kwa Nairobi. Tumeshindwaje kulifanya kwa wadi ya Shanzu, wadi moja tu kati ya 30 za Mombasa?

Kwa hivyo shika tarehe hizi. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti unafika bungeni kufikia Septemba 1. Karatasi ya mwelekeo wa bajeti, Februari 28. Makadirio yenyewe, Aprili 30. Mwaka wa pesa unaanza Julai 1. Vikao hufanyika kuzunguka tarehe hizo. Ukija Juni kulalamika, pilau imeshapakuliwa.

Mimi nimeanza na kidogo. Nimemuomba mzee wetu anitumie kila tangazo la baraza kwa WhatsApp, na mimi naliweka hapa siku hiyo hiyo, kwa maneno mepesi. Basari zikitangazwa, mtajua. Ardhi ikitajwa, mtajua. Kijana mwingine asilale kama nilivyolala mimi.

Kikao kijacho naenda. Ukija, nitakuwekea kiti. Na wewe wa Likoni, Changamwe au Junda, niandikie hapo chini: kwenu baraza hukaa wapi, na mara ya mwisho uliketi lini?