Ubikwitini na homa ya Bonde la Ufa

Ubikwitini ni protini ndogo ya amino asidi 76 ambayo seli huibandika kwenye protini nyingine ili zitambuliwe na kuvunjwa. Kwa kugundua mfumo huo, Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2004. Virusi vya homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa ulioitesa Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya, huuteka mfumo huo na kuutumia dhidi ya seli yenyewe.

Utambuzi na alama
Protini huvunjwa ikiwa imejikunja vibaya, imeharibika au kazi yake imekwisha. Kimeng'enya E1 huiamsha ubikwitini kwa nishati ya ATP na kuikabidhi kimeng'enya E2. Kinachochagua ni kimeng'enya E3: hushika protini kwa kutambua sehemu yake mahususi, mara nyingi iliyotiwa fosfati, na kuikutanisha na E2. Binadamu ana E1 mbili tu, ilhali aina za E3 hupita 600. Ubikwitini ya kwanza hushikizwa kwenye laisini, mojawapo ya amino asidi za protini hiyo. Kila inayofuata hujiunga na laisini iliyo nafasi ya 48 ya iliyoitangulia. Mnyororo ukifika ubikwitini nne hivi, protini hunaswa na proteasomu, chombo chenye umbo la pipa. Humo ubikwitini huondolewa zitumike tena, na protini hukunjuliwa na kukatwa vipande vifupi.

Virusi na Garissa
Virusi vya homa ya Bonde la Ufa vilitambuliwa karibu na Ziwa Naivasha, na taarifa kuvihusu kuchapishwa mwaka 1931. Kaskazini Mashariki mwa Kenya kuliathirika vibaya baada ya mvua za El Niño za 1997–1998, na Desemba 2006 mlipuko mwingine ukathibitishwa Garissa. Mafuriko huangua mayai ya mbu wa Aedes yaliyolala ardhini, nao mbu hao hueneza virusi. Kondoo na mbuzi hutupa mimba, na watu huambukizwa wakichinja au kuzalisha wanyama wagonjwa.

Ndani ya seli, protini ya virusi iitwayo NSs huipeleka PKR, mlinzi anayegundua RNA ya virusi, kwa E3 zenye sehemu iitwayo FBXW11. Huipeleka pia p62, inayohitajika kusoma jeni za kinga zikiwemo za intaferoni, kwa E3 yenye sehemu iitwayo FBXO3. Zote mbili huishia kwenye proteasomu. Aina ya virusi iitwayo Clone 13 imepoteza sehemu kubwa ya jeni ya NSs, hivyo haiwezi kuziondoa protini hizo mbili. Kwa udhaifu huo imekuwa chanjo ya mifugo.