Ivan Mauger (1939–2018), bingwa wa spidiwei
Pikipiki ya spidiwei haina breki. Ina gia moja, hutumia methanoli, na mwendeshaji hukata kona gurudumu la nyuma likiserereka, kiatu chake cha chuma kikikwaruza ardhi. Mauger, mzaliwa wa Christchurch, New Zealand, alikwenda London mwaka 1957 akiwa kijana; nafasi zikawa finyu, akarudi kwao. Mwaka 1963 alirejea Uingereza, akaendeshea timu ya Newcastle. Akatwaa ubingwa wa dunia 1968, 1969 na 1970, wa kwanza kushinda mara tatu mfululizo; mashabiki wa Marekani wakaipaka dhahabu pikipiki yake. Akaongeza 1972, 1977, na mwisho 1979 huko Chorzów, Polandi, akiwa na miaka 39. Uvumilivu wake haukuwa wa kawaida.