Witri: Swala ya kufungia usiku na namna ya kuiswali

Mchuuzi wa Marikiti, soko lililo ukingoni mwa Mji wa Kale wa Mombasa, hulazimika kulala mapema ili awahi bidhaa kabla ya jua kuchomoza. Kwa Mwislamu mwenye ratiba kama hiyo, swali huwa ni moja: je, aswali Witri kabla ya kulala au asubiri hadi usiku wa manane?

Witri maana yake ni idadi isiyogawanyika kwa mbili. Wakati wake huanza baada ya swala ya Isha na kumalizika alfajiri inapoingia. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Pwani, ni sunna iliyotiliwa mkazo. Uchache wake ni rakaa moja na wingi wake kumi na moja. Wengi huswali tatu.

Namna iliyo bora kwa Mashafi ni kuzitenganisha. Mwenye kuswali hunuia rakaa mbili za Witri, akapiga takbira. Katika rakaa ya kwanza husoma Alhamdu na sura ya Al-A'la (Sabbihisma), na katika ya pili Alhamdu na Al-Kafirun. Hukaa tahiyatu na kutoa salamu. Kisha husimama, akanuia rakaa moja, akasoma Alhamdu, Al-Ikhlas, Al-Falaq na An-Nas. Hurukuu, akainuka, akasujudu mara mbili, akakaa tahiyatu na kutoa salamu. Asiyehifadhi sura hizo husoma anazozijua. Baada ya salamu ni sunna kutamka "Subhanal Malikil Quddus" mara tatu.

Dua ya kunuti katika Witri, kwa Mashafi, husomwa katika nusu ya pili ya Ramadhani, baada ya kuinuka kutoka rukuu ya rakaa ya mwisho.

Hata hivyo, Mombasa ni mji wa madhehebu kadhaa. Wabulushi, ambao wahenga wao walifika wakiwa askari wa watawala wa Oman, pamoja na Wamemoni wenye asili ya Bara Hindi, ni Mahanafi. Kwao Witri ni wajibu. Huswaliwa rakaa tatu kwa salamu moja, na kunuti husomwa mwaka mzima, kabla ya rukuu ya rakaa ya tatu. Mshafi anayeswali nyuma ya imamu wa Kihanafi hana haja ya kutoka safuni, kwa kuwa madhehebu yake pia yanaruhusu rakaa tatu kuunganishwa. Hanafi aliye nyuma ya imamu anayezitenganisha ni vyema amuulize mwanachuoni wake, kwani wanavyuoni wa madhehebu hayo wametofautiana.

Kuhusu wakati, hadithi iliyopokewa na Muslim kutoka kwa Jabir inatoa mwongozo: anayechelea kutoamka aswali mwanzo wa usiku, na mwenye matumaini ya kuamka aicheleweshe, kwa kuwa mwisho wa usiku ni bora zaidi. Jua likitua saa kumi na mbili u nusu jioni na alfajiri ikiingia saa kumi na moja, theluthi ya mwisho ya usiku huanza saa saba u nusu.

Aliyekwisha kuswali Witri, iwe nyumbani au pamoja na jamaa baada ya tarawehe, kisha akaamka usiku, anaweza kuswali rakaa mbili mbili atakavyo. Asiirudie Witri, kwani hakuna Witri mbili katika usiku mmoja. Aliyepitiwa na usingizi hadi alfajiri huilipa: kwa Mashafi kulipa huko ni sunna, kwa Mahanafi ni wajibu.

Kwa hivyo, mchuuzi anayeiswali kabla ya kulala hajapungukiwa. Mtume alimuusia Abu Hurayra, sahaba wake, afanye vivyo hivyo.