Zeze la Ugogo na Jiji Lake

Ukitaja Zanzibar mtu atakujibu taarabu. Ukitaja Dar es Salaam atakujibu dansi, na vijana watakuambia Bongo Fleva. Sasa taja Dodoma: utaambiwa zabibu, vumbi, Bunge. Muziki je? Kimya. Hilo ndilo linaloniuma, maana Ugogo tumejaliwa muziki tele.

Hebu tuwatazame wenzetu. Je, Zanzibar ilipata jina kwa sababu watu wake wana sauti tamu kuliko Wagogo? La hasha! Mwaka 1905 kilianzishwa kule chama cha Ikhwani Safaa, watu wakapata mahali pa kukutana na kufundishana. Dar nako, mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kiliunda bendi ya NUTA Jazz, wanamuziki wakalipwa mshahara kama makarani. Na redio ilikuwa palepale Dar. Kwa hiyo mji haupati jina kwa vipaji peke yake. Kipaji lazima kipewe nyumba, riziki na masikio.

Huku vipaji vilikuwepo tangu zamani. Kuna zeze, kuna ilimba, kuna nyimbo ambazo kila kundi la sauti linashika njia yake na bado zote zinapatana. Kuna muheme, ngoma inayopigwa na akina mama wakiwa wameibana mapajani. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika na mitambo yake akarekodi nyimbo za Kigogo. Sauti zikaenda kuhifadhiwa Afrika Kusini. Wenye nyimbo wakabaki na mtama wao.

Halafu akaja Hukwe Zawose, mzaliwa wa mkoa huuhuu. Baada ya uhuru Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam. Baadaye akahamia Bagamoyo, kwenye Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, akafundisha na kupiga. Mwaka 1996 albamu yake ya Chibite ilitolewa na Real World, kampuni ya Peter Gabriel kule Uingereza. Mzee alifariki Bagamoyo mwaka 2003. Sasa ifuate safari hiyo kwenye ramani: Dar, Bagamoyo, Uingereza. Dodoma imebaki mahali pa kuzaliwa tu. Simlaumu hata kidogo. Aliifuata nyumba ilikokuwa.

Serikali iliamua mwaka 1973 kwamba Dodoma iwe makao makuu, na mwaka 2018 ikawa jiji. Wizara zimekuja, maghorofa yamekuja, barabara za lami ndiyo usiseme. Lakini mambo ya zeze ukitaka kuyaona utakwenda Chamwino, ambako tangu mwaka 2009 wanakijiji wamekuwa na tamasha la muziki wa Kigogo. Kijiji kimefanya kazi ya jiji! Na mwaka 2024 Pendo na Leah Zawose, binti na mjukuu wa Hukwe, walitoa albamu ya Maisha kwa jina la The Zawose Queens. Zamani katika familia ile wanawake waliachiwa kuitikia tu. Leo wao ndio wanaongoza, ila nao wametokea Bagamoyo.

Kwenye miti hakuna wajenzi, walisema wahenga. Nasi tunaojifunza kuandika tusijifiche nyuma ya serikali. Ni riwaya ngapi umesoma ambazo mpiga zeze ni mtu kamili, mwenye madeni, wivu na mapenzi, siyo pambo la kupokelea wageni? Masikio ya jiji yanaanzia kwetu.