Kilemba cha Nyumba: Kodi ya Pango toka Ng'ambo hadi Mbamba Bay

Mwaka 2012, wilaya ya Nyasa ilipomegwa kutoka Mbinga, Mbamba Bay ililala kijiji cha wavuvi ikaamka makao makuu ya wilaya. Wakaja makarani, walimu, wauguzi, mahakimu na askari, kila mmoja na godoro lake, nao walihitaji pa kulala. Aliyejenga vyumba viwili vya matofali ya kuchoma kwa ajili ya wanawe aliona afadhali wanawe wabanane, chumba kimoja kipangishwe. Baadaye ikafika barabara ya lami kutoka Mbinga, kilomita zipatazo sitini na sita za kuteremka kutoka Umatengo hadi ufukweni; kisha kazi ya kujenga bandari mpya ikaleta mafundi na vibarua. Kwa muda mfupi mno neno "mwenye nyumba", ambalo zamani lilikuwa na maana ya baba wa familia, likapata maana ya pili, ya mtu anayegonga mlango mwisho wa mwezi.

Wasomaji wa visiwani hawana haja ya kufunzwa kwamba jambo hili si geni. Kule Ng'ambo ya Unguja, katika karne ya kumi na tisa, watumwa, walioachwa huru na wageni wengine walijenga vibanda katika mashamba ya mabwana wakubwa bila ya kutozwa kitu, au kwa kutoa heshima tu. Hapakuwa na karatasi. Neno la bwana lilitosha, na bwana alipokufa neno lake likafa naye. Warithi wakaanza kudai kodi ya kiwanja, wakaipandisha mara kwa mara, na mtu akajikuta ana nyumba yake mwenyewe juu ya ardhi ya mwenziwe: ukuta wake, makuti yake, lakini asiweze kukaa humo bila kulipa. Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo waligoma kulipa. Hoja yao kubwa haikuwa umasikini, ingawa walikuwa masikini. Walisema kwamba waliruhusiwa kukaa, na ruhusa ile haikuwahi kuwa biashara. Wenye viwanja nao walikuwa na hati. Mbele ya mahakama, kumbukumbu haikuwa na nguvu ya kushindana na hati, na serikali ya Waingereza ililazimika hatimaye kuingilia kati kudhibiti kodi hizo.

Bara ilichukua njia yake. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962. Aprili 1971 serikali ilitwaa majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja na kuyakabidhi kwa Msajili wa Majumba, ambaye mwaka 1990 aliunganishwa na Shirika. Juu ya hayo ilikuwapo sheria ya kudhibiti kodi. Ile ya mwisho ilitungwa mwaka 1984. Kodi ikawa ndogo kwenye daftari. Lakini nyumba zilikuwa chache na watu ni wengi, na pale bei inapofungwa mdomo husema kwa pembeni. Hapo ndipo kilizaliwa kilemba.

Neno hilo linastahili kusimamiwa kidogo. Zamani mwanafunzi wa fundi au wa mwalimu alipohitimu alimvisha mkufunzi wake kilemba, kitambaa chenyewe au thamani yake, na ilikuwa ni shukurani iliyotolewa mchana mbele za watu. Mjini neno hili likageuzwa uso: fedha inayotolewa kichinichini, bila ya stakabadhi, ili upewe ufunguo wa nyumba ambayo kodi yake halali ni ndogo kuliko kilemba chenyewe. Sheria ilikataza malipo hayo; watu wakayaita kwa jina la heshima ili yasione haya. Washairi wanakijua kilemba cha ukoka. Hiki kilikuwa cha noti, na aliyevishwa hakuwa amemfundisha mtu chochote.

Sheria ile ilifutwa mwaka 2005, na udhibiti wa bei ukaondoka nayo. Kilichobaki kutawala mwenye nyumba na mpangaji wa bara ni Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ambayo haina habari na bei: kodi ni ile mliyokubaliana. Basi kilemba kikabadili vazi tena, kikawa malipo ya miezi sita au mwaka mzima yanayodaiwa kabla ya mtu hajaingiza kitanda. Mwalimu mpya aliyepangiwa Mbamba Bay, ambaye mshahara wake wa kwanza bado u njiani, hukopa ili alale.

Sheria imekaa kimya juu ya bei, si juu ya mengine, na hapa ndipo wengi hupoteza haki zao kwa kutozijua. Pasipotajwa muda, upangaji huhesabiwa kuwa wa kipindi kile ambacho kodi hulipwa. Anayelipa kwa mwezi ni mpangaji wa mwezi hadi mwezi, na yeyote atakaye kuuvunja humpa mwenziwe notisi isiyopungua kipindi hicho. Mwenye nyumba anayepangisha sehemu tu ya jengo ndiye mwenye mzigo wa paa, kuta kubwa na mifereji, isipokuwa wamekubaliana vingine. Na jengo likiharibiwa na moto au mafuriko bila kosa la mpangaji, hata lisikalike, kodi husimama, yote au sehemu yake.

Mambo haya si ya vitabuni kwa mtu wa ziwa. Upepo wa kusi, ambao huko Nyasa huitwa mwera, ukiamka hung'oa bati zilizopigiliwa kwa haraka, na ziwa nalo lina miaka yake ya kupanda hadi milangoni. Usiku mmoja bati tatu zinaruka. Mpangaji anasema paa si lake, mwenye nyumba anasema fedha ya miezi sita ilishanunua saruji ya chumba cha pili, na wote wawili wanasema kweli.

Wahenga walinena: mali bila ya daftari hupotea bila ya habari. Busara ni kuandika kabla ya kuhamia, nakala mbili, mashahidi wawili: kodi ni kiasi gani na imelipwa hadi tarehe ipi, nani anatengeneza paa, umeme wa luku unaotumiwa na vyumba vitatu unagawanywa vipi, notisi ni ya siku ngapi, na ikiwa mpangaji atahamishwa na mwajiri kabla ya miezi kwisha, fedha iliyobaki inarudi au hairudi. Hili la mwisho ndilo linalogombanisha watumishi wa serikali kuliko yote, nalo ndilo lisiloandikwa kamwe. Hali ya chumba nayo iandikwe siku ya kwanza, ufa wa ukuta na kitasa kilicholegea, kwa maana siku ya kuondoka kila ufa huwa mpya. Mwenye nyumba atoe stakabadhi hata kama mpangaji ni mpwa wake. Hasa akiwa ni mpwa wake.

Ugomvi ukizuka, kuezua bati ili mtu atoke si njia, wala kuondoka usiku na ufunguo. Pa kuanzia ni Baraza la Kata, ambalo tangu mwaka 2021 halihukumu tena bali hupatanisha, na likishindwa ndani ya siku thelathini shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko wataulizwa, mpangaji na mwenye nyumba kwa pamoja, swali walilolikosea jibu watu wa Ng'ambo: iko wapi karatasi?