Nani Ameshika Orodha?

Kila nikiingizwa kwenye grupu la WhatsApp la kudai jambo fulani, huwa natazama kwanza admin ni nani. Tabia hii niliipata nikisoma historia ya MoveOn, kundi la Marekani lililofungua njia ya kampeni za kisiasa mtandaoni.

Ilikuwa Septemba 1998. Wes Boyd na Joan Blades, mume na mke wa Berkeley, California, hawakuwa wanasiasa. Walikuwa wamekwisha kuiuza kampuni yao ya programu za kompyuta, Berkeley Systems, ile ya tosta zenye mabawa zilizokuwa zikiruka kwenye skrini. Kashfa ya Rais Bill Clinton na Monica Lewinsky ilikuwa imewachosha. Basi wakaandika ombi la sentensi moja tu: Bunge limkaripie rais, kisha liendelee na mambo ya maana. Wakawatumia kwa barua pepe ndugu na marafiki wasiofika mia. Ndani ya wiki moja, saini laki moja. Baadaye zikakaribia nusu milioni.

Je, walishinda? Wapi! Desemba 1998 Baraza la Wawakilishi lilimshtaki Clinton vilevile. Ni Seneti iliyomwachia, Februari 1999. Ombi likawa limepita. Kilichobaki ni orodha ya anwani za barua pepe, na mimi naona hapo ndipo kundi lilipozaliwa hasa. Maana mwenye orodha anaweza kuuliza swali jingine kesho.

Baada ya mashambulizi ya 11 Septemba 2001, kijana wa miaka 20, Eli Pariser, aliweka mtandaoni ombi lake la kuitaka Marekani isijibu kwa vita. Zaidi ya watu nusu milioni walitia saini. Akaungana na MoveOn, na mwaka 2004 akawa mkurugenzi mtendaji. Hakugombea popote, wala hakuzunguka majimboni kuomba kura. Mtaji wake ulikuwa watu waliokwisha kumjibu.

Uongozi wa namna hiyo unatisha kidogo. Lakini Juni 2003 MoveOn iliwauliza wanachama wake wamuunge mkono nani kugombea urais kwa chama cha Democratic. Walijibu zaidi ya 317,000. Howard Dean aliongoza kwa karibu asilimia 44. Kanuni ilisema lazima afike asilimia 50; hakufika, kundi halikumuunga mkono mtu.

Sawa, kanuni yenyewe waliiandika walewale wachache. Ila waliitangaza mapema, na ilipowabana hawakuigeuza. Kwangu huo ni ushindi mkubwa kuliko saini zote za 1998.

Ndiyo maana nikishamwona admin, swali langu la pili huwa hili: ni kitu gani ambacho yeye peke yake hawezi kukiamua? Mara nyingi, jamani, sipati jibu.