Mdudu, Urithi na Shamba: Nafasi ya Amani, Usambara, katika Historia ya Jenetiki ya Wadudu Waharibifu wa Mazao

Utangulizi

Historia ya sayansi ya kilimo katika Milima ya Usambara kwa kawaida husimuliwa kwa majina ya mimea: kahawa, sinkona, mpira, mhogo. Mdudu huingia katika simulizi hiyo kama adui tu. Hutokea, huangamiza zao, kisha huachwa nyuma. Makala haya yanajenga hoja tofauti. Yanadai kwamba katika kituo cha Amani, Usambara Mashariki, kati ya mwaka 1928 na 1933, mdudu mharibifu aligeuka kuwa mada ya jenetiki. Swali halikuishia tena katika kujua ni spishi gani inayodhuru zao. Lilihusu pia kile anachorithi mdudu mmoja mmoja kinachomwezesha kudhuru. Kwa umbo lake, swali hilo ndilo linaloongoza utafiti wa leo kuhusu jeni za kunusa na kuonja za wadudu. Historia inayoliacha nje huionesha Usambara kama mahali palipopokea majibu, ilhali palikuwa pia mahali pa kuuliza.

Mdudu kama jina katika orodha

Taasisi ya Amani ilianzishwa na utawala wa Kijerumani mwaka 1902, ikiongozwa kwanza na Franz Stuhlmann. Wakati huo mashamba ya kahawa ya walowezi katika Usambara yalikuwa yanadhoofika. Udongo wa milima ulichoka upesi baada ya msitu kufyekwa, na bungua mweupe wa kahawa alitoboa mashina ya mibuni. Julius Vosseler, mtaalamu wa wanyama aliyefanya kazi Amani, alishughulikia wadudu wa mazao, na kuanzia mwaka 1905 jarida la Der Pflanzer liliwapelekea walowezi mashauri ya kituo hicho.

Mkabala wa enzi hiyo ulikuwa wa kuorodhesha: mdudu akusanywe, atambuliwe, mwenendo wa maisha yake uelezwe, kisha itafutwe njia ya kumuua. Kazi hiyo ilikuwa ya lazima, lakini ilisimama juu ya dhana ambayo haikuhojiwa, kwamba wadudu wote wa spishi moja ni sawa mbele ya zao. Jina la mdudu lilitosha kueleza madhara yake.

Storey na mdudu asiyeambukiza

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Tanganyika iliwekwa chini ya Waingereza. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1920 kituo cha Amani kilifufuliwa kuwa Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Afrika Mashariki. Mwaka 1928 alijiunga nacho H. H. Storey, mtaalamu wa magonjwa ya mimea aliyetoka Afrika Kusini. Huko Natal alikuwa amekwisha kuonesha kwamba ugonjwa wa milia ya mahindi huenezwa na Cicadulina mbila, mdudu mdogo mrukaji anayefyonza utomvu wa majani.

Wadudu hao walikuwa na tofauti iliyohitaji maelezo. Wote walikuwa wa spishi moja na wote waliweza kulishwa mmea mgonjwa, lakini baadhi yao hawakuuambukiza mmea mzima waliohamishiwa. Storey aliwatenga na kuwazalisha kwa makundi mawili, la waambukizaji na la wasioambukiza, kisha akawapandanisha na kufuatilia vizazi vyao. Katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 1932 alionesha kwamba uwezo wa kuambukiza hurithiwa, kwamba hutawala pale unapokutana na hali ya kutoambukiza, na kwamba umefungamana na jinsi. Kwa kuwa dume wa mdudu huyu hupata kromosomu yake ya X kwa mama peke yake, uwezo wa mtoto wa kiume ulitegemea urithi wa mama.

Hatua iliyofuata ilieleza jinsi urithi huo unavyofanya kazi mwilini. Katika makala ya mwaka 1933 Storey alieleza kwamba mdudu asiyeambukiza alipotobolewa utumbo kwa sindano nyembamba, aliweza kueneza ugonjwa. Kizuizi kilikuwa ukuta wa utumbo: kwa baadhi ya wadudu uliruhusu virusi kupita na kuingia mwilini, na kwa wengine uliwafungia njia. Tofauti ya kurithi, iliyo ndogo kiasi cha kutoonekana kwa macho, ndiyo iliyoamua kama shamba litaugua.

Kwa nini upande wa mdudu ulisubiri

Ugunduzi huo haukumpa mkulima wa Mlalo au Bumbuli zana yoyote. Mkulima hawezi kuchagua ni mdudu yupi atue shambani mwake, lakini anaweza kuchagua mbegu. Hapo ndipo juhudi za Amani zilipoelekea. Kuanzia katikati ya miaka ya 1930, Storey na R. F. W. Nichols walishughulikia ugonjwa wa batobato ya mhogo, unaoenezwa na inzi weupe. Waliupandanisha mhogo na jamaa zake, ukiwamo mpira wa Ceara, mti ambao Wajerumani walikuwa wameueneza kwa ajili ya utomvu wake, na mwaka 1938 walichapisha uchunguzi wao kuhusu ugonjwa huo. Kutokana na kazi iliyoendelezwa Amani baada yao ilipatikana mihogo yenye ukinzani, ambayo vizazi vyake vilitumiwa baadaye na wazalishaji wa mbegu Afrika Magharibi.

Hivyo jenetiki ya mmea ilipata mrithi, na jenetiki ya mdudu ikasubiri. Sababu haikuwa udhaifu wa ugunduzi wa 1932. Ilikuwa ukosefu wa njia ya kuugeuza kuwa kitendo shambani, na baada ya Vita Kuu ya Pili viuatilifu vya viwandani vilifanya swali lenyewe lionekane halina haraka.

Harufu, jeni na kurejea kwa swali

Storey hakuchunguza harufu, na kazi yake haipaswi kuhesabiwa kuwa mwanzo wa elimu ya kunusa kwa wadudu. Jeni za vipokezi vya harufu vya wadudu zilitambuliwa mwaka 1999, katika inzi wa matunda Drosophila. Mwaka 2016 watafiti waliiharibu kwa makusudi jeni iitwayo Orco katika nondo Spodoptera littoralis, mharibifu wa mazao, na papasi zake zikaacha kuitikia harufu za mimea na harufu ya majike. Kama ilivyokuwa kwa utumbo wa Cicadulina, kitu kimoja cha kurithi kilisimama kati ya mdudu na zao.

Afrika Mashariki ilifika kwenye harufu kwa njia ya shamba. Katika miaka ya 1990, watafiti wa kituo cha ICIPE huko Mbita, Kenya, wakishirikiana na wenzao wa Rothamsted, Uingereza, walijenga mbinu ya sukuma-vuta. Desmodiamu iliyopandwa kati ya mahindi hutoa harufu inayowafukuza nondo wa bungua, na mabingobingo ya pembeni huwavuta. Mbinu hiyo hutumia hisi ya mdudu bila kuigusa jeni yake.

Kiwavijeshi vamizi, aliyethibitishwa Tanzania mwaka 2017, amelirudisha swali la Amani mashambani. Spishi hiyo moja ina matawi mawili ya kurithi, la mahindi na la mpunga, yanayotofautiana hata katika harufu ya majike, na alama za jeni za matawi yote mawili zimeonekana Afrika. Anayetegesha mtego wa harufu anahitaji kujua ni madume yapi yanayoitikia wito huo. Jina la spishi peke yake halimtoshi.

Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba Amani ilichangia katika sayansi ya wadudu waharibifu hoja ya msingi: madhara shambani yanaweza kutokana na tofauti za kurithi ndani ya spishi moja. Hoja hiyo ilipata maelezo yake kamili mwaka 1933, ikakosa njia ya kutumika, ikafunikwa na mafanikio ya mhogo na viuatilifu. Mitego ya harufu inayotundikwa leo katika mashamba ya Lushoto, ng'ambo ya bonde la Lwengera, inategemea maarifa ya aina hiyo hiyo. Inafaa basi wanaoandika historia ya kilimo ya Usambara wampe mdudu nafasi kando ya mmea, na wanaopanga udhibiti wake waanze kwa kuuliza anarithi nini.